Kilifi ni mbali: jibu kwa klabu inayopanga safari ya baiskeli ya hisani

SWALI

"Assalaam alaikum, kaka. Mimi ni katibu wa klabu ya baiskeli hapa Mombasa. Wanachama ni arubaini na kitu, wake kwa waume, na kila Jumapili asubuhi twatoka pamoja. Kiangazi kijacho twataka safari ya kujumuika, watu waje na jamaa zao, tuchangishe pesa za viti vya magurudumu vya watoto wa kitengo maalumu katika shule moja ya msingi huku Kisauni. Vijana wasema twende Kilifi na kurudi. Kina mama wasema tusivuke daraja. Mwekahazina ataka fulana. Mwenyekiti ana mpwa wake mwenye pikapu na spika kubwa, ataka atangulie mbele. Mpaka leo hatuna hata tarehe. Tuanzie wapi?"

JIBU

Waalaikumu salaam, dadangu. Mmeanza mkiani. Mwabishana juu ya njia, fulana na spika, na barua yako nzima haisemi viti ni vingapi, ni vya aina gani, wala vyauzwaje. Hilo likijulikana, nusu ya mabishano yataisha yenyewe. Lisipojulikana, hata mkifika Malindi hamtaweza kusema kama mmefaulu au mmeshindwa.

Basi tuanze na watoto. Kiti cha magurudumu cha mtoto hakinunuliwi kwa kukisia. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ahitaji kushikiliwa nyonga, mgongo, na pengine kichwa. Ukimweka katika kiti kipana cha mtu mzima atalalia upande mmoja, na mwili utazoea kupinda huko. Asiyehisi miguu yake akikalia kiti kisicho na mto wa kufaa hupata vidonda, na vidonda hivyo vikiingia maradhi huweza kuua. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, tangu mwongozo wake wa mwaka 2008, lasisitiza kwamba mtu apimwe kwanza, kiti kirekebishwe kulingana na mwili wake, yeye na mlezi wake wafundishwe kukitumia, na pawe na mahali pa kukitengeneza kikiharibika. Vile viti vya kukunja vya kusukumia wagonjwa hospitalini ndivyo rahisi kupata, na ndivyo hutolewa kwa wingi siku za hisani. Picha hupigwa, makofi yakapigwa. Rudi baada ya mwaka utavikuta stoo, tairi hazina upepo na mtoto yuko mkekani kama zamani.

Bahati yenu, hamhitaji kwenda Nairobi kuuliza. Bombolulu ziko karakana za watu wenye ulemavu wa viungo tangu 1969, chini ya APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo nchini Kenya, kilichoanza mwaka 1958. Idara ya tiba ya viungo ya Hospitali Kuu ya Pwani nayo ni mlango wa kubisha. Nenda na mwalimu wa kitengo na wazazi wawili watatu, mkaulize utaratibu wa kuwapima watoto. Mtakapopewa karatasi ya bei, hakikisheni yataja kiti, mto, upimaji na matengenezo kila kimoja mbali. Matengenezo ndiyo husahaulika, nanyi waendesha baiskeli mwajua zaidi ya wengine kwamba beringi na tairi hazidumu katika hewa ya chumvi. Na mtoto naye hukua.

Tuseme karatasi imekuja: watoto 6, jumla shilingi 240,000. Nambari hii nimeitunga mimi ili tuifanyie hesabu. Waendeshaji 60, kila mmoja akiomba watu 20, kila mtu akitoa shilingi 200, ndiyo hiyo 240,000. Hakuna mfadhili mkubwa, hakuna mheshimiwa, hakuna gala dina. Hata nusu ya walioombwa wakikaa kimya, na wapo watakaokaa kimya, watakaotoa 500 na 1,000 watapunguza pengo.

Sasa itazame hesabu hiyo tena uniambie kilomita ziko wapi. Hazimo. Shangazi yako hatakuongezea mia mbili nyingine kwa kuwa ulifika Kilifi badala ya kuishia Shanzu. Alitoa kwa sababu ni wewe uliyempigia simu, ukamtajia watoto na bei ya kiti. Pesa za safari ya hisani hutoka kwenye simu, katika wiki sita kabla ya safari, na siku yenyewe ni ya kushukuru na kula pamoja. Vijana wenu wadhani umbali ndio utakaowagusa watu, na kwa mtu mmoja anayekwenda mbali kweli, Mombasa hadi Kampala tuseme, huenda ni hivyo. Kwa watu sitini wenye umri na baiskeli tofauti, umbali huwa ni njia ya kuwapunguza waombaji. Kila mama anayejitoa kwa kuogopa Kilifi anaondoka na watu wake ishirini.

Kuna mfano wa Marekani ambao hupenda kuutaja kwa sababu ulianza na watu wachache kuliko nyinyi. Mwaka 1980, katika jimbo la Massachusetts, kijana mmoja aitwaye Billy Starr alikusanya waendeshaji 36, wakaendesha, wakachangisha dola 10,200 za utafiti na matibabu ya saratani. Safari hiyo, Pan-Mass Challenge, yafanywa kila Agosti hadi leo na jumla yake imepita dola bilioni moja. Ninachotaka mkione hapo ni mpango wao wa hesabu. Siku hizi kila dola ambayo mwendeshaji ameichangisha huenda nzima katika taasisi ya Dana-Farber mjini Boston. Maji, chakula na magari ya huduma hulipwa kwa ada ya kujiandikisha na kwa pesa za wadhamini. Mchangiaji akiuliza "mia yangu ilikwenda wapi?" jibu ni fupi.

Nanyi fanyeni hivyo hivyo, mifuko miwili isiyochanganyika. Mfuko wa kwanza ni wa safari: ada ya shilingi 500, ya watoto nusu yake, na humo mnalipa mahamri, maji, huduma ya kwanza, mafuta ya pikapu. Mfuko wa pili ni wa viti, na humo haitoki hata shilingi ya kununulia karatasi. Fulana za mwekahazina ziko mfuko wa kwanza, na huko hazitoshi. Akipata duka la kuzilipia, na jina la duka likae mgongoni, ni heri. Asipopata, kila mtu avae fulana nyeupe aliyo nayo nyumbani. Nyeupe huonekana barabarani na haichemki jua likipanda.

Msitumie laini ya simu ya mtu binafsi, hata akiwa ni mwaminifu kama dhahabu. Laini ya kawaida ya M-Pesa haipokei kiasi cha zaidi ya 250,000 kwa mara moja wala haibebi zaidi ya 500,000, lakini hiyo siyo sababu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba pesa za viti zitakaa pamoja na za unga, na siku mwekahazina atakapougua au simu itakapoibwa katika matatu, mtakuwa na maneno. Kama klabu imesajiliwa kuwa kikundi cha kijamii chini ya sheria ya 2022, benki itawafungulia akaunti yenye nambari ya paybill, ya watu kulipia kwa simu, na watia saini watatu. Kama haijasajiliwa, shughulikieni hilo mwezi huu, au muombe shule ipokee pesa katika akaunti yake nanyi mpewe taarifa ya kila wiki. Kila Ijumaa jioni katibu, yaani wewe, aweke katika kundi la WhatsApp picha ya jumla: tumefika hapa, bado hapa. Usiweke majina ya waliotoa na walichotoa. Mji huu wapo wanaotoa kwa mkono wa kulia na hawataki hata wa kushoto ujue.

Na kwa kuwa ni Mombasa, mtaulizwa kama mtu aweza kuleta zaka yake. Waambieni wazi kwamba huu ni mfuko wa sadaka. Zaka ina mafungu yake manane yaliyotajwa, na anayetaka kuitoa kwa mtoto fulani fakiri amuulize shekhe wake aipeleke mwenyewe. Mkichanganya, mtawapa watu shaka bila haja. Bahati nasibu pia achaneni nayo. Yataka leseni ya serikali, na nusu ya majirani zenu hawatanunua tiketi hata zawadi iwe baiskeli mpya.

Tarehe. Kiangazi chetu cha kaskazi ni kuanzia Desemba hadi Machi, na watu hudhani wana miezi minne ya kuchagua. Hawana. Desemba barabara ya Malindi imejaa wageni na mabasi. Ramadhani ya 2027 yatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, mwezi ukiandama, iendelee hadi Machi, na ya 2028 itaingia mwisho wa Januari. Nani atafunga na kuendesha juani, na nani atakula mahamri mbele ya wenzake? Imebaki Januari, na Januari ndiyo Njaanuari: karo, sare, vitabu, mifuko mitupu baada ya sikukuu. Mimi ningechagua Jumapili ya tarehe 31 Januari 2027. Anzeni kuomba katikati ya Desemba wakati watu bado wana kitu na moyo wa kutoa, mpokee ahadi mwezi wa Januari, na mshahara wa mwisho wa mwezi utimize ahadi. Shaaban itakuwa imeingia, na wanawake wengi hulipa saumu zao wakati huo. Wengi wao huchagua Jumatatu na Alhamisi, lakini wewe ni mwanamke, utawauliza vizuri zaidi kuliko mwenyekiti.

Jumapili siibishi. Malori ni machache, na mkimaliza kabla ya saa nne wanaokwenda kanisani watapata ibada ya pili.

Sasa njia, ambayo nimeichelewesha makusudi. Fanyeni mbili, zianze na kuishia pahali pamoja, na ziwe zimepangwa ili watu wote warudi kwa wakati mmoja. Mahali pa kuanzia ni bustani ya Mama Ngina: kuna pa kuegesha, kuna mibuyu ya kivuli, na wazee wasioendesha wanaweza kukaa wakatazama meli zikiingia Kilindini. Ombeni ruhusa ya kutumia mahali hapo mapema, kwa barua.

Njia ndefu iende Shanzu, kilomita 30 na kidogo kwenda na kurudi. Itoke saa kumi na mbili na robo, na itawachukua kama saa tatu pamoja na vituo. Mwisho wa Januari jua letu huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, kwa hivyo mtaanza na mwanga wa alfajiri na daraja la Nyali mtalipita kabla halijachangamka. Daraja hilo la 1980 ndilo mlango pekee wa kaskazini, na ndipo mahali pa kuwa na adabu: mstari mmoja, kushoto kabisa, na macho kwenye viungo vya chuma ambavyo tairi nyembamba huteleza juu yake kukiwa na umande. Mkishavuka msing'ang'anie barabara kuu mbele ya soko la Kongowea. Kongowea haijui Jumapili. Mikokoteni, magunia, majani ya kabeji yaliyokanyagwa yakawa utelezi. Pitieni ndani ya Nyali, mtokee tena barabara ya Malindi upande wa Bombolulu. Hapo simameni dakika kumi. Kama mmepatana nao mapema, watu waone viti vinavyotengenezwa, waguse, waulize. Hicho ndicho kituo kimoja katika safari nzima ambacho siwaruhusu mkiruke.

Kutoka hapo ni Bamburi, kisha Shanzu. Nimechagua Shanzu, sikuchagua Mtwapa, kwa sababu moja tu: kugeuka. Shanzu mwaingia barabara za ndani za kuelekea mahoteli ya pwani, mwazunguka polepole kwenye kivuli, mwakunywa maji, mwatoka. Mtwapa mtalazimika kugeuza watu thelathini katika barabara kuu karibu na daraja, mabasi ya Malindi yakishuka mteremko. Upanuzi wa barabara hiyo kutoka Mombasa kwenda Kilifi nao umeleta michepuko na kokoto pahali ambapo wiki iliyopita hapakuwa na kitu. Watu wawili waipite njia yote Jumapili moja kabla, saa zile zile, waandike kila shimo na kila tuta.

Upepo utawasaidia. Kaskazi yavuma kutoka kaskazini mashariki, na alfajiri huwa bado dhaifu. Mtakwenda mkiikabili ingali imelala, na mtarudi ikiwasukuma mgongoni wakati miguu imechoka. Mkipanga safari nyingine wakati wa kusi, pinduzeni njia au mtalia mkirudi.

Njia fupi haivuki daraja, na hapo kina mama wamepata lao. Itoke saa moja na nusu: Mama Ngina, Kizingo, Fort Jesus, barabara ya Nkrumah, Moi Avenue hadi kwenye Pembe, yale matao ya umbo la pembe za ndovu, kisha kurudi mlikotoka. Haifiki kilomita 10. Mtu ataona kwenye ramani kwamba mnaweza kufunga duara kwa kushuka Nyerere Avenue hadi Likoni. Msimsikilize. Hata Jumapili feri ikishusha watu, barabara ile si ya mtoto wa miaka tisa. Likoni yenyewe pia iondoeni katika mawazo. Kwa klabu ya watu kumi ni raha, kwa sitini itawakata vipande viwili, wengine upande huu na wengine upande ule, na nusu saa imekwenda.

Na wale vijana wa Kilifi? Karibu kilomita 60 kwenda, 60 kurudi, jua la saa tano likiwakuta Vipingo katikati ya mkonge bila mti. Wakitaka, waende wiki nyingine, wenyewe. Siku ya hisani wape kazi inayowatosha pumzi: wao ndio walinzi wa njia panda. Wawili hutangulia mbio hadi makutano ya kwanza, husimama na jaketi za kung'aa kuonyesha njia na kuwapungia madereva mkono, kundi likipita lote hukimbia kulipita tena hadi mbele. Mwisho wa asubuhi watakuwa wamechoka kuliko waliokwenda Kilifi, na hakuna aliyeachwa. Wakumbusheni tu kwamba hawana mamlaka ya kusimamisha gari. Huonya na kuomba. Kuamuru ni kazi ya polisi.

Kundi lisizidi watu 15, na kati ya kundi na kundi pawe na nafasi ya basi kupita na kurudi kushoto. Mbele mtu anayejua njia na asiyejua haraka, nyuma mtu mwenye pampu, viraka, gundi na tyubu za saizi mbili. Yule wa nyuma ndiye mkubwa wa safari. Akipiga simu kwamba kuna pancha, wa mbele wanasimama mahali palipo wazi, hawaendelei "polepole". Polepole ya mwenye baiskeli ya mashindano ni mbio kwa mwenye baiskeli nzito ya babake, ile mamba nyeusi. Matamko yawe machache na ya sote: shimo, tuta, mchanga, gari nyuma. Tuktuk ndizo za kuogopwa zaidi, kwa kuwa husimama popote abiria alipo, bila ishara.

Naomba pia muwaalike wale ambao mji huu huwaona kila siku wala hauwaiti waendesha baiskeli: muuza mkate, mchuuzi wa samaki na kikapu chake, mwenye madafu. Miguu yao ina kilomita nyingi kuliko klabu nzima. Wasilipe ada. Mmoja wao akija na madafu yake mwisho wa safari, nunueni yote.

Mambo ya mavazi nitayapita haraka, ila moja. Buibui na mnyororo havipatani, na ajali zake hutokea mwendo mdogo, mtu akianza kupanda. Anayevaa buibui apewe baiskeli yenye kifuniko cha mnyororo, au avae suruali pana na vazi la kufika magotini, pindo za suruali zifungwe. Chini ya helmeti kilemba chembamba cha pamba chatosha. Mtandio mzito huinua helmeti ikakaa juu ya utosi, na hapo haimlindi mtu.

Joto lanitia hofu kuliko magari. Saa tatu asubuhi ya Januari hewa ya hapa imejaa unyevu, jasho halikauki, na lisipokauka halipoozi mwili. Mtu mzima anywe nusu lita hadi robo tatu kwa saa, kidogo kidogo, na asijilazimishe kupita kiu chake, kwa sababu maji mengi mno bila chumvi nayo hudhuru. Madafu ni mazuri na watu hudhani yatosha peke yake. Yana potasiamu tele lakini chumvi yake ni haba, nayo chumvi ndiyo hutoka kwa jasho. Basi yanyweni pamoja na kitu cha chumvi: kachri, viazi karai, njugu. Mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kuyumba, au ngozi yake ikawa moto kama jiko, hiyo si kuchoka. Mwekeni kivulini, mwageni maji mwili mzima, mpepeeni, na mpigie simu 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu wakati mkono mwingine bado wamwaga maji. Msingoje gari ndipo mumpooze. Ombeni mapema kikosi cha huduma ya kwanza, na kwa kila anayejiandikisha chukua jina, simu ya mtu wa nyumbani, na ugonjwa kama pumu au kisukari. Karatasi hizo ni siri chini ya sheria ya kulinda data ya 2019. Zichomwe baada ya safari. Ulizeni pia bima ya ajali ya siku moja kwa kundi zima.

Vibali ni vitatu na vyote ni barua. Kuchangisha pesa kwa umma kuna sheria yake, Sura ya 106, nayo yataka leseni. Anzieni ofisi ya Naibu Kamishna wa Kaunti. Kwa msafara, sheria ya utulivu wa umma, Sura ya 56, yataka taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla, na muda wake ni baina ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mtu atawaambia safari ya hisani haihesabiwi msafara. Msibishane naye, pelekeni barua, nakala kwa kila kituo ambacho njia yenu yapita, na muombe askari wawili wa trafiki kwa ajili ya daraja. Barua ya tatu ni ile ya Mama Ngina niliyoitaja.

Waheshimiwa watawatafuta, 2027 ni mwaka wa uchaguzi na Agosti haiko mbali. Mwambieni kila mmoja nambari ya paybill. Akitaka kuja, aje na baiskeli saa kumi na mbili. Hotuba zikianza saa tatu na nusu, watoto watakaa juani hadi adhuhuri.

Watoto wa kitengo wenyewe wasipangwe mstari mbele ya wafadhili. Waalikwe pamoja na wazazi wao kama wageni wengine, wale mahamri na mbaazi, na atakayetaka kusukumwa mita mia za mwisho pamoja na kundi asukumwe. Picha ya mtoto ipigwe kwa idhini ya mzazi, iliyoandikwa. Wiki ileile toa taarifa ya mwisho: zilizoingia, zilizolipwa, risiti, na tarehe ambayo kila mtoto atapimwa. Kikibaki kitu, kiwekwe kwa matengenezo.

Pikapu ya mpwa wa mwenyekiti ni neema, lakini ije nyuma. Ibebe baiskeli zilizoharibika, maji, na mtu aliyechoka. Spika aiache nyumbani mpaka saa tatu, kwa kuwa Mombasa Hospital iko hapo hapo karibu na Mama Ngina, na wagonjwa hawajajiandikisha kwa safari yenu.